Dirisha Lisilofunguliwa Mara Mbili

Fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii yawafaa watu, na yazifaa kompyuta pia. Programu ile ile ikifunguliwa katika madirisha mawili, na yote mawili yakashika faili moja, mtu huandika katika la kwanza, kisha huhifadhi la pili lenye maandishi ya zamani. Kazi ya asubuhi nzima hufutika kwa dakika moja.

Zamani hatari hii haikuwapo. Ni kweli kwamba mwaka 1973, huko Palo Alto, California, kampuni ya Xerox ilijenga kompyuta ya Alto, ambayo baadaye ilionyesha madirisha yaliyolaliana kama karatasi mezani. Lakini Macintosh ya mwaka 1984 iliendesha programu kuu moja tu kwa wakati mmoja. Wa pili hakuwa na nafasi ya kuingia. Mwaka 1987 ilipowezeshwa kuendesha nyingi pamoja, aliyeita programu iliyokwisha kufunguliwa aliletewa mbele ile ile ya kwanza. Mlinzi wa mlango alikuwa mfumo wenyewe.

Windows, iliyotolewa mwaka 1985, ilifuata njia nyingine. Kila programu ilipozaliwa ilikabidhiwa namba ya nduguye aliyetangulia. Kama hakuwapo, ilipewa sifuri. Basi programu yenyewe iliamua kuendelea au kuondoka. Mwaka 1993 ikaja Windows NT, ambayo ilizipa programu kuta za kuzitenga katika kumbukumbu, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Kuta hizo zilileta usalama, lakini zilikata habari za jamaa: tangu hapo namba ile ikawa sifuri daima.

Katika kompyuta za Unix, ambako mfumo wa madirisha uitwao X ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, mambo mengi yaliachiwa programu zenyewe. Aghalabu programu iliacha faili ndogo iwe kufuli. Aliyekuja nyuma alitazama, akiiona, alirudi. Hila hii ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, programu ikifa ghafla, kufuli lilibaki, na mlango ukafungwa ingawa nyumba ni tupu. Pili, programu mbili zikitazama kwa wakati mmoja, zote ziliona hapana kufuli, na zote zikaingia.

Kasoro hii ya pili ilikuwa imekwisha kufikiriwa. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alichapisha njia ya kuzuia kazi mbili zisiingie pamoja mahali pa mmoja. Fundisho lililotokana na fikra za namna hii ni kwamba kutazama na kutwaa hapana budi viwe tendo moja lisilogawanyika. Ndiyo sababu Unix ina amri ya kuunda faili ambayo hukataa kama faili ipo, na Windows ina kufuli lenye jina, ambalo mfumo huliondoa mwenyewe anapokufa.

Hata hivyo, kuzuia peke yake hakutoshi. Programu ya pili ikiondoka kimya, mtu hudhani kompyuta imeharibika. Adabu ni kwamba imwite wa kwanza, imkabidhi faili iliyotakiwa, ndipo iage. Mlinzi mwema hamfukuzi mgeni tu, bali humwonyesha mlango ulio wazi.