Kupandisha volti katika saketi ndogo za maikrokontrola

Kupandisha volti ni kupata volti 9, 12 au zaidi kutoka kwenye chanzo chenye volti chache. Maikrokontrola hutosheka na volti 3.3 au 5, lakini vifaa inavyoviendesha mara nyingi hudai zaidi. Mfano mzuri ni mashine ya kutotolesha vifaranga, kifaa chenye maana kubwa katika mkoa wa Singida unaosifika kwa kuku wa kienyeji. Fundi wa Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, anaweza kuiunda kwa maikrokontrola ya ATmega328P inayosoma joto na kulishikilia karibu na nyuzi 37.5, huku umeme wake ukitoka kwenye chaja ya simu ya volti 5. Relei ya kuwasha taa za joto ameing'oa kwenye stabilaiza mbovu, nayo inataka volti 12.

Swali la kwanza si volti ngapi zinatakiwa, bali miliampia ngapi. Wati zinazotoka haziwezi kuzidi zinazoingia. Relei ndogo ya volti 12 hula takriban miliampia 30, yaani wati 0.36. Saketi ya kupandisha ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, chaja italazimika kutoa miliampia 90 hivi. Chaja yoyote nzima inaziweza. Pini ya maikrokontrola haiziwezi.

Njia ya bei ndogo kabisa ni pampu ya chaji: diodi mbili na kapasita mbili. Pini ikiwa chini, kapasita ya kwanza hujaa kupitia diodi ya kwanza. Pini ikipanda, inaisukuma chaji hiyo juu, nayo inapita diodi ya pili na kuingia katika kapasita ya kutokea. Kwa diodi za 1N4148, ambazo kila moja hukata kama volti 0.7, volti 5 huwa 8.6 pasipo mzigo. Asili yake ni ya zamani: Heinrich Greinacher wa Uswisi alibuni ngazi ya diodi na kapasita miaka ya 1910, na mwaka 1932 John Cockcroft na Ernest Walton waliitumia Cambridge kupata volti za kupasulia kiini cha atomu ya lithiamu. Mwaka 1976 John Dickson aliifanya ifae kuwekwa ndani ya chipu.

Udhaifu wake ni mkondo. Kapasita ya maikrofaradi 1 ikipigwa mara 10,000 kwa sekunde ina ukinzani wa takriban omu 100. Mzigo wa miliampia 1 hupoteza volti 0.1 tu, lakini relei yetu ingepoteza volti 3, na pini ingebebeshwa zaidi ya miliampia 20 zinazoshauriwa. Pampu inafaa kufungulia geti la mosfeti kama IRFZ44N, linalotaka volti 10 hivi ili lifunguke vizuri (hapo inahitajika hatua moja zaidi ya diodi na kapasita), lakini kwa relei haifai.

Kwa relei inatakiwa koili. Transista ikifunga saketi, koili huhifadhi nishati. Ikiifungua, koili huitoa nishati hiyo kupitia diodi ikiwa juu ya volti za chanzo. Kutoka 5 kwenda 12, transista hufunga saketi kwa karibu asilimia 58 ya kila mzunguko. Sehemu nyingi zimo ndani ya vifaa vilivyokufa: taa ya kubana matumizi ina koili, transista na kiringi cha feraiti, na chaja mbovu ina diodi ya Schottky. Bomba la taa lisivunjwe, kwa kuwa lina zebaki, na kapasita yake kubwa itolewe chaji kwanza, maana hubaki na volti mia kadhaa.

Maikrokontrola yenyewe inaweza kuipiga transista hiyo, lakini hapa uangalifu unalipa. Programu ikiganda pini ikiwa juu, koili inageuka kuwa shoti na transista inaungua. Mzigo ukichomoka bila programu kupima volti za kutokea, zinapanda hadi kitu kipasuke. Diodi ya zena kwenye utokeo ni kinga ya bei ndogo.

Njia nyingine ni moduli ya kupandisha volti ya MT3608, ambayo ina udhibiti wake na hufika volti 28. Potenshomita yake irekebishwe kwa mita kabla ya kuunganisha chochote, kwani moduli mpya huweza kutoa volti za juu mno.

Relei ya volti 5 ikipatikana, ichukuliwe hiyo. Inakula miliampia 70 hivi, wati zilezile, na inahitaji transista moja, rezista moja na diodi moja ya kinga.