Thamani ya Gunia Ghalani

Ndugu wanachama, gunia la kahawa lililomo ghalani lina thamani gani? Swali hili ni kongwe. Chama Kikuu cha KNCU kilipoundwa Moshi mwaka 1933, bei zilikuwa zimekwisha kuporomoka tangu 1929. Kwa hiyo mkulima alipata malipo ya kwanza alipoleta kahawa, na baki baada ya kuuzwa. Wengi walidhani wanapunjwa, wala hatuwalaumu. Mwaka 1937 ghasia zikazuka.

Julai 1989 migawo ya mauzo ya kahawa duniani iliposimamishwa, bei ilianguka mno. Daftari liliandika gunia kwa bei ya kununulia, lakini thamani yake ilikuwa ile tu ambayo mnunuzi angetoa siku ya kufunga hesabu. Chama kilichokuwa kimelipa bei yote mapema kilibaki na gunia pamoja na deni la benki.