Neno na Kipimo: Historia Fupi ya Utafiti wa Uonevu wa Mtandaoni miongoni mwa Vijana Balehe

Utafiti kuhusu uonevu wa mtandaoni miongoni mwa vijana balehe bado ni mchanga, lakini dhana zinazouongoza zilikuwapo kabla ya vijana kuanza kutumia intaneti. Insha hii inafuatilia dhana hizo na kudai kwamba tofauti kubwa za takwimu zinazoripotiwa leo zinatokana, kwa sehemu kubwa, na maneno ambayo vijana waliulizwa. Suala hilo lina uzito wa pekee kwa hojaji zinazoandaliwa kwa Kiswahili.

Chimbuko la taaluma hii ni Skandinavia. Mwaka 1969 daktari Peter-Paul Heinemann alianza kutumia nchini Uswidi neno mobbning kueleza kundi la watoto linalomzonga mwenzao. Dan Olweus, ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu suala hilo kilitoka kwa Kiswidi mwaka 1973, alihamisha mkazo kutoka kwenye kundi kwenda kwa mwonevu na mwonewa mmoja mmoja. Baada ya wavulana watatu kujiua nchini Norwei mwaka 1982, kampeni ya kitaifa ilianzishwa shuleni mwaka uliofuata. Katika kazi za Olweus vilikomaa vigezo vitatu vya fasili: nia ya kudhuru, tendo kurudiwa, na kutolingana kwa nguvu.

Intaneti ilipoingia majumbani, watafiti hawakuanza na vigezo hivyo. Finkelhor na wenzake (2000), waliowahoji vijana 1,501 wa Marekani wenye umri wa miaka 10 hadi 17, walijishughulisha zaidi na ushawishi wa kingono na picha zisizofaa. Vitisho na bughudha, vilivyoripotiwa na asilimia 6 ya vijana hao, vilikuwa kipengele kimoja tu. Ni Patchin na Hinduja (2006), kisha Smith na wenzake (2008), waliouingiza mtandao ndani ya mjadala wa uonevu wa shuleni. Smith na wenzake waliihamishia fasili ya Olweus, pamoja na vigezo vyake vyote, kwenye simu na kompyuta.

Uhamisho huo ulizua mgogoro ambao haujaisha. Picha ya aibu iliyotumwa mara moja na kutazamwa na shule nzima, je, imerudiwa? Na nguvu hupimwaje pale mtendaji asipojulikana? Olweus (2012) alishikilia kwamba tatizo limekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa wengi wa wanaoonewa mtandaoni huonewa pia ana kwa ana. Modecki na wenzake (2014), waliochanganua tafiti 80, walikadiria wastani wa asilimia 15 kwa uonevu wa mtandaoni na asilimia 35 kwa ule wa kawaida. Mwaka huohuo, mapitio ya Kowalski na wenzake yalionesha makadirio yanayotofautiana kati ya takribani asilimia 10 na 40. Pengo la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa tabia za vijana pekee.

Sehemu ya jibu imo katika lugha. Smith na wenzake (2002) walitumia michoro katika nchi 14 na kubaini kwamba maneno yanayodhaniwa kuwa visawe hayabebi maana ileile. Menesini na wenzake (2012), katika nchi sita za Ulaya, walibaini kwamba vijana walizingatia zaidi kutolingana kwa nguvu, kisha nia na kutojulikana kwa mtendaji. Kurudiwa kwa tendo hakukupewa uzito huo.

Kiswahili kinaudhihirisha ugumu huu. Uonevu, kutokana na kitenzi onea, tayari una maana ya mwenye nguvu kumkandamiza mnyonge bila haki. Unyanyasaji ni mpana zaidi na humpeleka msikilizaji haraka kwenye ukatili wa kijinsia. Udhalilishaji hutazama heshima iliyovunjwa, si idadi ya matendo. Kando yake upo utani, ambao kimila huruhusu maneno makali baina ya watani bila kuhesabiwa kuwa tusi, na ambao mwonevu anaweza kujificha nyuma yake. Kwa hiyo msichana ambaye picha yake imesambazwa mara moja anaweza kujibu kwamba hajawahi kuonewa, ilhali angekubali bila kusita kwamba amedhalilishwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inazingatia nia ya kulazimisha, kutisha, kubughudhi au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia. Haidai tendo lirudiwe. Hivyo msichana huyo anaweza kutambuliwa na sheria lakini akakosekana katika takwimu za utafiti.

Kwa hiyo, kutafsiri hojaji zilizokwisha kubuniwa kwingine hakutoshi. Hatua inayotangulia kipimo ni kuchunguza jinsi vijana wanaozungumza Kiswahili wanavyoyatofautisha matendo haya na kuyataja. Hatua hiyo ikirukwa, asilimia itakayopatikana itaeleza zaidi neno lililochaguliwa kuliko madhara waliyopata vijana wenyewe.