Kutafsiri filamu kwa mzaha

Banda umiza, kama wakazi wa Morogoro na miji mingine ya Tanzania walivyozoea kukiita, ni chumba cha kuoneshea filamu kwa kiingilio nafuu. Humo mashujaa wa Hollywood huzungumza Kiswahili kwa kinywa cha mtafsiri; miongoni mwa waliovuma ni Lufufu na DJ Mark. Mtafsiri hodari hukejeli, hukanya na humbandika mwigizaji jina la mtaani, hasa filamu ikiwa dhaifu.

Nchini Uganda, ambako mtafsiri huitwa VJ, mzaha uliingia ndani ya filamu yenyewe. "Who Killed Captain Alex?" ya Nabwana I.G.G., iliyotoka mwaka 2010, ilitiwa vichekesho na VJ Emmie. Nakala ya awali isiyo na sauti yake ilipotea. Iliyosalia ni hiyo yenye kejeli.