Njia za Miguu za Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Mwenye kutafuta historia ya nchi huanza kwa kawaida katika makabati ya nyaraka, kisha huenda kwenye magofu na makaburi. Katika Umatengo, kusini-magharibi mwa Tanzania, magofu ni machache, na nyaraka nyingi za zamani ziliandikwa na wageni. Lakini iko hati moja iliyoandikwa na wenyeji wenyewe, nayo ingali yasomeka: ni njia za miguu. Zapita juu ya migongo ya milima, zashuka mabondeni, zaingia katika miombo, zafuata kingo za vijito hata kuufikia mwambao wa Ziwa Nyasa. Waliozichora kwa nyayo zao walikuwa wakimbizi, watumwa, wapagazi, wakulima na wagonjwa. Mtu wa leo apitaye humo kwa matembezi, akitazama majani ya miombo yanavyogeuka mekundu kabla ya mvua, hana budi kujua ni nani waliomtangulia.

Yafaa kwanza kuifahamu sura ya nchi. Milima ya Umatengo hufikia karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hali uso wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Kati ya kimo hiki na kile ardhi yaanguka kwa mkato. Maji ya nchi hiyo hugawanyika: mengine huteremka magharibi hata ziwani, na mengine huingia katika mto Ruvuma, ambao huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, huelekea kwanza magharibi, kisha kusini, na mwisho hugeuka mashariki kuitafuta Bahari ya Hindi, ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Katika Ukata na kata nyingine za Mbinga, mtu hawezi kwenda mbali bila ya kupanda, kushuka na kuvuka maji.

Wamatengo wana neno ntambo, maana yake mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito. Ndani ya ntambo watu wa ukoo walipata maji bondeni, shamba mteremkoni, na kuni mwituni. Basi njia ya kwanza ya nchi hii ni ile ya kupanda na kushuka katika ntambo moja. Na njia ya pili ni ile ivukayo kijito kwenda kwa wakwe na majirani. Kivuko kilikuwa mpaka. Aliyelowesha miguu yake alijua kwamba ameiacha ardhi ya watu hawa, ameingia ya wale.

Karne ya 19 ilizipa njia hizo kazi nyingine. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni waliotoka Afrika ya Kusini, alifariki Ufipa yapata mwaka 1848, na watu wake wakagawanyika. Sehemu moja ilishuka mashariki ya Ziwa Nyasa hata nchi ya Songea, ikawakuta huko Wangoni wa Maseko, waliokuwa wameuvuka Ruvuma kutoka kusini. Pande hizo mbili zilipigana; wa Maseko wakarudishwa kusini, na waliobaki wakasimamisha dola za Mshope na Njelu. Majeshi yao yaliwasaka majirani kutafuta ng'ombe, nafaka na mateka. Wamatengo wakapanda milimani, na wengine wakajificha mapangoni.

Njia ya mtu ajifichaye haifanani na njia ya mtu aendaye sokoni. Hupenda mawe yasiyoshika unyayo, huepuka uwanda, na huishia mahali ambapo watu wachache waweza kuwazuia wengi. Na waliobanwa milimani ilikuwa lazima wale. Mapokeo na wataalamu wengi huuhusisha msongamano huo na kilimo cha ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ikatanayo kwa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Mteremko wote huwa kama sega la nyuki. Mvua hutuama mashimoni badala ya kuuchukua udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea ya maharage, na baadaye ya mahindi. Shida ya vita ilizaa elimu ya udongo, na mpitanjia apitaye kando ya ngoro apita kando ya kumbukumbu ya vita hivyo.

Chini ya milima zilipita njia ndefu zaidi, zile za misafara baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilichukuliwa na watu, na watu wenyewe wakauzwa. Mashua zilivusha watumwa kutoka ng'ambo ya magharibi, nao wakatembezwa kwa miguu hata pwani. Mwaka 1866 David Livingstone, akiufuata Ruvuma kwenda ziwani, alikuta maiti za watumwa waliofungwa mitini kwa kuwa hawakuweza tena kwenda. Kivuli cha mti kando ya mto, kinachompa mtembezi wa leo raha, kilikuwa kwa wengine mwisho wa safari.

Wajerumani walipoingia walizikuta njia hizi, wakazipitishia kodi na askari. Mwaka 1902 Wamatengo walipambana nao huko Litembo, wakizitumia ngome zao za mawe kama walivyozitumia zamani. Safari hii bunduki zilishinda. Vita vya Maji Maji vilifuata mwaka 1905. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho iliteketezwa. Na tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea. Jeshi la wakoloni lilichoma vyakula mashambani, na njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi.

Vita vikuu vya kwanza navyo vilifika huku mapema. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa jiwe kubwa la bandarini lililofanana na sanamu ya Misri. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Waingereza walikuwa na simu. Kwake yeye habari zilikuwa zingali njiani. Baadaye mzigo wa vita uliangukia vichwa vya wapagazi. Von Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, akarudi Septemba 1918 na kupita nchi ya Songea. Makumi elfu ya wapagazi wa pande zote walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Wa kumbukumbu wapo: kwa mfano William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana, aliyeuzunguka mwambao huu kwa miaka mingi hali macho yake ni mabovu, na ambaye kaburi lake la mwaka 1928 liko Liuli. Waliomchukulia mizigo hawakuandikwa.

Amani ilileta mzigo mwingine. Kahawa ilianza kushika mizizi Umatengo katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika kiitwacho NGOMAT. Jina hilo liliwaunganisha Wangoni na Wamatengo, watu ambao babu zao walikuwa wamewindana katika milima ile ile. Njia iliyokuwa ya kukimbilia ikawa ya kupelekea magunia mizanini.

Leo barabara ya lami yashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na mwambao umekuwa wilaya yake yenyewe, Wilaya ya Nyasa, tangu mwaka 2012. Njia za kale zaachwa. Nyingine zalimwa, nyingine zamezwa na vichaka. Je, yafaa kuzililia? Mama aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni kwenda hospitali ya Litembo hana sababu ya kuililia njia ya jana. Anayemsifia uzuri wa kutembea, naye hajawahi kutembea kwa lazima, amemdhihaki. Barabara ni haki ya watu, wala si adui wa historia.

Hata hivyo wahenga wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kinachopotea pamoja na njia ni majina: jina la kivuko, la jiwe la kupumzikia, la pango, la mti wa mashauri. Majina hayo hayamo katika ramani za Wajerumani wala za Waingereza, kwa sababu wachora ramani waliandika vituo vyao wenyewe. Yamo katika vinywa vya wazee, na kila msiba wachukua sehemu yake. Mti ukikatwa na njia ikalimwa, hata mzee aliye hai hukosa pa kunyoshea kidole.

Kwa hiyo kazi yawangoja wanafunzi wa historia na wa lugha, nayo haihitaji fedha nyingi. Waende na wazee ntambo kwa ntambo, waandike kila jina kwa Kimatengo, Kingoni, Kinyasa au Kimanda kama lilivyotamkwa, pamoja na habari yake, na waonyeshe mahali penyewe katika ramani. Vijiji vikitaka kuwapokea watembezi, njia chache zisafishwe, na wenyeji wawe ndio viongozi na wasimulizi, ili mgeni asiione miombo na mito tu, bali asikie ni nani walioikimbilia, walioivuka na walioanguka humo. Viatu na daftari vyatosha kuianza kazi hiyo, maadamu wasimulizi wangali hai.