Hasira kali inatoka wapi?

Jioni moja nilikuwa kituoni nikisubiri daladala, mara nikasikia sauti ya mwanamke: "Mwizi! Mwizi huyoo!" Kufumba na kufumbua kijana wa miaka kama kumi na sita alikuwa chini, na watu wapatao ishirini wamemzunguka. Sikumsikia hata mmoja akiuliza kaiba nini. Mzee aliyesimama kando yangu akatikisa kichwa, akasema: "Ndivyo tulivyoumbwa, bwana. Binadamu ana damu ya mnyama."

Yaliyompata kijana yule nitayasimulia baadaye. Kwanza maneno ya mzee, maana yana historia ndefu, na sehemu yake kubwa imetokea hapa hapa kwetu, mkoani Kigoma.

Fikra kwamba tumeirithi damu ya uuaji kutoka kwa mababu wa kale kabisa ilivuma kutokea Afrika Kusini. Mwaka 1924 Profesa Raymond Dart wa Johannesburg alipata fuvu la mtoto kutoka machimbo ya chokaa ya Taung, na mwaka uliofuata akalitangaza kuwa la kiumbe wa ukoo wetu. Katika hilo alikuwa sahihi. Lakini baadaye aliitazama mifupa iliyovunjika ya pango la Makapansgat, akaamua kwamba viumbe wale walikuwa wauaji waliotumia mifupa kama marungu. Aliandika hivyo mwaka 1953. Robert Ardrey, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, akaieneza hadithi hiyo kwa kitabu cha mwaka 1961, na ikapendwa mno. Nadhani ilipendwa kwa kuwa iliwafariji watu waliotoka kuuana kwa mamilioni katika vita kuu mbili.

Kisha mtaalamu mwingine wa huko huko, C. K. Brain, akaichunguza mifupa ya pango la Swartkrans kwa miaka mingi. Kwenye kipande kimoja cha fuvu palikuwa na matundu mawili. Alipoyalinganisha na meno ya chui, yakaingia sawasawa. Kumbe mababu wale hawakuwa wawindaji bali kitoweo! Hata yule mtoto wa Taung, wataalamu walieleza tangu mwaka 1995, yaelekea alinyakuliwa na tai mkubwa.

Hadithi ya Dart ingeishia hapo kama si Gombe.

Marehemu Jane Goodall alifika Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Kwa miaka zaidi ya kumi aliamini kwamba sokwe kwa jumla ni wapole kuliko sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi alilolichunguza likagawanyika: Kasakela kaskazini, Kahama kusini. Tarehe 7 Januari 1974 madume sita wa Kasakela, pamoja na wenzao wawili, walielekea kusini kimya kimya. Walimkuta dume aitwaye Godi akila peke yake. Walimkamata, mmoja akamkandamiza chini, wengine wakampiga na kumng'ata kwa muda wa kama dakika kumi. Aliyeyaona hayo kwa macho yake ni Mtanzania, Hilali Matama, mtafiti wa Gombe. Godi hakuonekana tena.

Kufikia mwaka 1978 hapakubaki dume hata mmoja wa Kahama. Goliath, aliyewahi kuwa kiongozi wa kundi kabla halijagawanyika, aliuawa mwaka 1975 akiwa mzee. Waliomuua walikuwa wamekua naye.

Mwaka huo huo wa 1975, mwezi Mei, binadamu nao walivuka ziwa. Waasi kutoka Zaire waliteka wanafunzi wanne wa Gombe, ambao baadaye waliachiliwa. Wanafunzi wa kigeni wakaondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe ikabaki kwa Watanzania walioandika kumbukumbu zao za kila siku kwa Kiswahili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vita vile, ambavyo dunia nzima ilikuja kuvisoma kwa Kiingereza, iliandikwa kwanza kwa lugha yetu.

Wapo waliopinga. Walisema ni ndizi alizogawa Goodall ndizo zilizowaharibu sokwe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ilichukua miaka kujibiwa. Mwaka 2014 watafiti wengi walikusanya habari za makundi 18 ya sokwe, yakiwemo ya Mahale na ya Uganda. Walihesabu mauaji 152, mengine yaliyoshuhudiwa na mengine ya kudhaniwa, na hayakuelekea kutegemea kama watu wamewaingilia sokwe au la. Ila katika hesabu zile limo jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: kundi lilipomuua sokwe wa kundi jingine, kwa kawaida washambuliaji wanane walimkabili mmoja.

Wanane kwa mmoja! Hiyo si damu iliyochemka. Mwenye damu iliyochemka hupigana hata na aliyemzidi. Richard Wrangham, aliyekuwa mwanafunzi Gombe miaka ile, aliandika mwaka 2019 kwamba ukali ni wa aina mbili: ule wa papo kwa papo, na ule wa kupanga, unaosubiri mpaka mshambuliaji ajue hataumia. Kwa ule wa kwanza binadamu ni mpole mno akilinganishwa na sokwe. Jaribu kuwajaza sokwe sitini wasiojuana ndani ya daladala! Kwa ule wa pili, tunamzidi.

Hapo ndipo ninapojishika kidevu kama mwandishi. Mara ngapi nimeandika kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali"? Sina idadi. Lakini yule anayeacha fujo, akaenda kununua petroli, akasubiri chenji, kisha akarudi, ana hasira gani? Hakuibiwa kitu. Amefika mwishoni, amekuta wenzake ishirini na mtu mmoja chini, na anajua hakuna atakayemuuliza. Mimi kwa kalamu yangu nimempa udhuru wa damu.

Hata mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 wapo walioyaita chuki ya kale iliyolipuka. Lakini redio ya RTLM, iliyoanza Julai 1993, ilikuwa ikitaja watu kwa majina. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao waanzilishi wa redio hiyo. Rufaa ya mwaka 2007 iliwafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia vifungo, lakini hakuna aliyeachiwa. Walikuwa watu wa fani yangu, wenye kipaza sauti kama hiki.

Turudi kituoni. Mama lishe mmoja aliacha sufuria lake, akapenya katikati na upawa mkononi, akamwinamia kijana: "We mtoto, mama yako nani?" Kijana akajibu kwa sauti isiyosikika vizuri. Mama akainuka. "Huyu namjua kwao, wanakaa nyuma ya msikiti. Nani anampiga? Wewe? Na wewe unaitwa nani?" Waliokuwa nyuma ndio walioanza kuondoka, mmoja akijifanya anatazama gari. Haikupita dakika tano wakabaki watatu, nao wakaona haya.

Simu iliyodaiwa kuibwa haikuonekana. Yule mzee wa kando yangu alitoa leso, akamfuta kijana damu puani, kisha akapanda gari la Mbagala.