Taroti na Walimu Wake

Anayeanza kujifunza taroti leo hupewa karata 78 na kijitabu cha maana zake, halafu huambiwa kwamba anapokea elimu ya kale isiyojulikana ilianza lini. Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1440 mwandishi wa hati aitwaye Giusto Giusti aliandika katika shajara yake kwamba amempa Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini, seti ya karata za trionfi, yaani taroti, zilizotengenezwa Florence. Hazikuwa za kupigia ramli. Zilikuwa za kuchezea, na kwa karne tatu hivi aliyejifunza taroti alijifunza hasa namna ya kumshinda mwenzake mezani.

Mcheza karata wa pwani yetu angeuelewa mchezo huo upesi. Karata 56 ziligawanywa mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Kila fungu lilikuwa na namba moja hadi kumi, kisha mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Juu yake ziliongezwa 22 za picha: turufu 21 za kudumu, zinazokula karata ya fungu lolote, na Mjinga asiyekula wala kuliwa. Mafungu yenyewe yalitoka Misri ya Wamamluki. Seti yao iliyohifadhiwa katika kasri la Topkapı, Istanbul, ina vikombe, panga, sarafu na magongo ya polo. Ulaya, ambako polo haikujulikana, magongo yakawa fimbo. Wareno nao waliyachukua mafungu hayohayo wakayaleta pwani, na ndiyo maana sisi tunacheza kopa, shupaza, uru na pau.

Ramli iliingia kwa nguvu Paris, mwaka 1781. Antoine Court de Gébelin, mchungaji wa Kiprotestanti na mwanachuoni, alitangaza katika juzuu ya nane ya kitabu chake *Le Monde primitif* kwamba taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri, kilichonusurika kwa kujificha ndani ya mchezo. Hakuwa na ushahidi wowote. Wala hakuna aliyeweza kumsahihisha kwa maandishi ya Wamisri wenyewe, kwani msomi Champollion hakufumbua siri ya hieroglifu hadi mwaka 1822. Dai hilo halijafa mpaka leo. Tetesi nzuri huishi kuliko ukweli mkavu.

Mwalimu wa kwanza wa kweli alikuwa Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele na kujiita Etteilla. Alikuwa tayari ameandika juu ya kubashiri kwa karata za kawaida mwaka 1770. Mwaka 1785 alianza kuchapisha mafunzo ya taroti, mwaka 1788 akaanzisha chama cha wafasiri wake, na mwaka uliofuata akatoa seti yake mwenyewe. Kila karata aliipa maana moja ikisimama wima na nyingine ikipinduka kichwa chini. Wasomi wa uchawi waliomfuata walimdharau kama mfanyabiashara, lakini mtindo wake wa kufundisha waliuiba wote. Mmoja wao, Éliphas Lévi, katikati ya karne ya 19, aliziunganisha zile karata 22 za picha na herufi 22 za Kiebrania, na mwanafunzi akazidi kubebeshwa.

Tatizo kubwa la anayeanza lilibaki palepale. Katika seti nyingi panga nane zilikuwa picha ya panga nane tu. Hazisemi kitu. Ilibidi ukariri, na karata 40 za namna hiyo ni mzigo.

Aliyemtua mzigo huo ni mchoraji. Pamela Colman Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, akasomea sanaa Brooklyn, na mwaka 1899 akachapisha kitabu cha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na Waafrika waliotekwa. Kwa hiyo alikuwa msimulizi kabla ya kuchora taroti. Mwaka 1909 A. E. Waite, mwenzake katika chama cha siri cha Golden Dawn, alimpa kazi ya kuchora seti nzima kwa miezi michache. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Waite alijishughulisha zaidi na zile turufu, nyingine akamwachia msanii. Zipo alizoazima: panga tatu zilizochoma moyo zinafanana mno na zile za Sola Busca, seti ya Kiitaliano ya karne ya 15 ambayo picha zake zilifika British Museum mwaka 1907.

Tazama vikombe vitano. Mtu wa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, naye hajaviona. Hata asiyejua lolote ataanza kusimulia. Hapo ndipo kusoma taroti kulipogeuka kutoka kukariri hadi kutazama, na vitabu vya kujifundisha vya Eden Gray, kuanzia 1960, na vya Rachel Pollack, mwaka 1980, vimejengwa juu ya michoro hiyo. Mwaka huohuo wa 1980 mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, alichapisha utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba taroti ilizaliwa kama mchezo. Ufaransa bado wanaucheza, na wengi wao hawaulizi karata swali lolote.

Smith alilipwa kidogo. Alikufa Bude, Cornwall, mwaka 1951, akiwa maskini, na kwa miongo mingi seti iliuzwa kwa jina la Rider, mchapishaji, na la Waite. Alama ya herufi zake ilibaki pembeni mwa picha. Siku hizi zipo seti zinazoandikwa Waite na Smith. Ukiamua kununua, nunua hiyo.